Vifundo Ndani ya Mistari

Siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi mwaka 1982, msusi aliyefahamika kwa wateja wake kama Mama Mstari alifumua mistari aliyomsuka binti yake, akakuta kifundo katikati ya unywele mmoja. Hakushtuka. Nywele zikikauka hujiviringa, ncha ikapenya kwenye kitanzi chake yenyewe, na kifundo kikajifunga pasipo mkono wa mtu. Alikikata kwa mkasi.

Kilichomkera ni vile vingine. Mistari ile aliikaza mwenyewe, na ncha zote alizifunga kwa uzi. Hapakuwa na ncha huru ya kupenya popote. Hata hivyo, kila unywele ulijaa vifundo vidogo mithili ya mayai ya chawa.

"Umelala bila kitambaa tena."

"Nimejifunga mpaka masikio yakafa ganzi, mama. Au nilale na helmeti?"

"Usinijibu hivyo nikiwa nimeshika mkasi."

Alipaka mafuta, akaosha, akasuka upya. Vifundo vikarudi, na hasira yake ikapanda. Kisha saluni ikaanza kunuka nywele zilizoungua, ilhali hapakuwa na moto. Ijumaa ya tarehe 19, mchana, binti akiwa amesinzia kitini, msusi alisikia mlio kama wa kucha zinazogongana, akatazama kwenye kioo na kuona nywele za mwanawe zikiinuka zenyewe, zikipishana, zikiteleza, zikijikaza kuwa kifundo. Kisha akasikia mtu asiyeonekana akisonya.

Mganga aliyemwita, bibi kizee mwenye maneno machache, alinusa hewa ya chumba, akatikisa kichwa.

"Jini huyu anajifunza kusuka," alisema kwa sauti ya chini. "Anakuigiza, anashindwa. Vifundo ni makosa yake."

"Ajifunzie kichwani mwa mwanangu?"

"Nyamaza. Usimkemee, usimwelekeze. Akikosa mwalimu atachoka, ataondoka. Ukimfundisha hata neno moja, huyo ni mwanafunzi wako, na mwanao ndiye kazi yake. Hapo usiniite."

Binti alicheka kwa woga. "Mama anyamaze? Bibi, tafuta dawa nyingine."

Lakini mama alinyamaza. Alikata vifundo huku ameuma meno, na kweli vikapungua, hata harufu ikafifia.

Jumapili ya tarehe 28, mchana mweupe, binti alikuwa ameketi mbele ya kioo pale chanuo lilipoinuka mezani, likachora njia iliyopinda kama mkia wa mjusi, na nywele zikaanza kujisuka mbali na ngozi, zimelegea, zinaning'inia, mstari wa aibu ambao mteja yeyote angeukataa, naye msusi, aliyewahi kufukuza wanagenzi wengi kwa kosa dogo kuliko hilo, alitazama, akakunja ngumi, akatazama tena, hadi mdomo ukafunguka kabla hajauzuia.

"Si hivyo. Umeanzia mbali. Anzia kwenye mzizi."

Chanuo lilirudi mezani taratibu. Mstari ulifumuka wote, kwa utiifu.

Binti alishika mikono ya kiti.

"Mama," alinong'ona, "mbona vidole vyake viko ndani ya ngozi ya kichwa changu?"