Jeneza la Zabibu

Haya yalimpata Hester Olckers, mjane wa Barend, jirani yangu kule Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini. Katika nyumba ya kina Olckers, tangu babu yao wa kwanza alipoijenga, mwenye nyumba na mkewe huchongewa majeneza mapema, nayo huwekwa darini kuhifadhia zabibu kavu. La Barend lilikwisha kutumika. La Hester lilijaa zabibu.

Zabibu zikaanza kupungua. Hester akamshuku shemeji yake Gawie, ambaye kila siku alimshikilia auze shamba. Akabadilisha kufuli la mlango wa dari, ufunguo akauvaa shingoni.

Mchana mmoja akapanda darini kuchota zabibu za keki.

“Nibakizie, shemeji!” Gawie alimtania kutoka uani. “Mwizi wako anakufa njaa!”

“Lamba kufuli!”

Kufuli lilikuwa zima. Ndani, gizani, kitu kilisikika kikimwagika taratibu kama mchanga, kisha kikanyamaza. Huko chini Gawie alikuwa bado yuko uani, akipiga mluzi.

Hester akawasha kiberiti. Zabibu zote zilirundikwa sakafuni. Jeneza lilikuwa limepanguswa safi, na ndani yake ulikuwepo mto wake wa kulalia, bado umebonyea pale alipolaza kichwa usiku uliopita.