Ruzuku ya Marehemu

Kinusi, kidege cha mashine, kilishuka juu ya shamba bila kelele, mabawa yake membamba kama ganda la kitunguu, kikavuta hewa. Ndani yake mlikuwa na pua ya bandia iliyotambua harufu ya udongo uliopinduliwa siku hiyo. Kikiipata tu, ruzuku ya kaunti iliingia kwenye simu ya mkulima kabla hajafuta jasho: mbegu, mbolea, maji ya mfereji. Hakuna karani, hakuna foleni, hakuna hongo. Injinia Nabwile ndiye aliyekiunda, na alijivunia kila skrubu yake.

Lakini asubuhi hiyo, siku ya mwisho ya msimu na ya ukaguzi wa mashamba, vinusi vilizunguka kilima chote cha Sikhulumo bila kupata kitu.

"Shamba limetelekezwa," ilisema redio iliyoning'inia kifuani mwa Nabwile. Kisha tena: "Shamba limetelekezwa."

Mchana ukifika, kila shamba lililotelekezwa lingekodishwa kwa kampuni ya alizeti.

Alipanda kilima mbio. Watu wote walikuwa uani kwa Nasambu, ambaye mumewe, Makanda, alilala ndani ya jeneza akingoja kuzikwa.

"Limeni hata mstari mmoja!" Nabwile aliwasihi.

"Na maiti hajazikwa?" akafoka Wekhomba, jirani mwenye ulimi mkali. "Injinia, wewe ulilelewa na nani? Hapa mtu akifa, hakuna anayelima mpaka azikwe. Au hiyo pua yako hainusi msiba?"

Nabwile aliijua mila hiyo. Bibi yake alimfundisha. Ila siku alipoketi mjini kuieleza mashine mkulima ni nani, hakuikumbuka.

"Basi mzikeni sasa hivi."

"Wanawe wanatoka kazini Mwezini," Nasambu akajibu. "Chombo chao kinatua jioni. Nimfukie baba yao wakiwa angani?"

Nyuma ya nyumba, vijana walikuwa wakichimba kaburi. Ghafla kinusi kimoja kikageuka, kikashuka hadi kwenye lundo la udongo mwekundu, kikanusa. Simu ya marehemu ikalia ndani ya kanga ya mjane wake.

"Hongera, Makanda. Shamba lako limelimwa. Ruzuku imetumwa."

Hakuna aliyecheka. Wekhomba alilitazama jua, akalitazama shamba lake.

"Tumekatazwa kulima," akasema polepole. "Kuchimba kaburi hatujakatazwa."

"Wekhomba, koma!" Nasambu akasema.

"Shemeji, kukoma nitakoma, lakini watoto wangu wakalale wapi? Kwenye alizeti ya watu?"

Akachukua jembe, akaondoka. Wa pili akamfuata, kisha wa tatu, halafu wakatoka kwa kundi bila kutazamana usoni. Nabwile alishika swichi ya kuzima vinusi vyote. Akizima, kilima kimekwenda. Akakitoa kidole.

Simu zikaanza kulia, huku na huku, ng'ambo ya bonde na juu ya mteremko, hongera juu ya hongera. Majembe yalipotulia, kila shamba la Sikhulumo lilikuwa na shimo jekundu lenye urefu wa mtu.

"Kilima chote kimelimwa," redio ikatangaza kwa furaha.

Nasambu alisimama kando ya Nabwile, akayatazama mashimo yale moja baada ya jingine.

"Kwetu hatuchimbi kaburi pasipo mwenyewe," akasema. "Hili la Makanda nalijua. Hayo mengine, mwanangu, umemchimbishia nani?"