Bado Uso

Jumatatu kopo la vifungo lilikuwa limejaa magamba. Jumanne likawa tupu. Fundi cherehani akadhani ni panya, akaendelea kushona pindo la mteja.

Magamba yenyewe yalikuwa ya bintiye wa miaka kumi na mmoja. Ngozi ilimbanduka mikono, mgongo na miguu, kutwa kucha. Hospitali ya kwanza ilisema fangasi, ya pili mzio, ya tatu ikamkemea fundi mwenyewe, mama mtu, kwamba hamwogeshi mtoto, eti! Miaka minne ya kuzunguka hospitali, jamani. Mwishowe daktari wa ngozi alimkata begani kipande kidogo kama punje ya dengu, akakipeleka maabara, akaja na jina refu la ugonjwa.

"Ni nadra sana, mama. Kazaliwa nao. Hauponi, tutautuliza tu kwa mafuta haya. Shukuru usoni haujafika. Na magamba uwe unayachoma."

Kuchoma ngozi ya mwanawe? Moyo ulikataa. Yeye hata vipande vya vitambaa vya wateja hatupi. Akawa anayaweka kwenye kopo.

Alhamisi, saa saba mchana, mtoto amelala chumbani, mama akiwa uani anafua shuka zilizojaa mafuta, akasikia cherehani inakwenda. Trrr. Ikanyamaza. Trrr. Akaingia kwa kunyata, harufu ya yale mafuta ikamkuta mlangoni, imechanganyika na harufu ya nywele zilizoungua, na kiti chake kilikuwa kitupu lakini pedali inapanda na kushuka, na chini ya sindano linapita vazi jembamba, la kijivu, lenye mikono, lenye vidole, vitano huku na vitano huku, na begani lina tundu dogo kama punje ya dengu.

"Nani?" akanong'ona.

"Ahsante kwa kunitunzia, fundi," sauti ikajibu kutoka kitini. "Mwenzio nimekaa uchi miaka na miaka. Bado uso tu."

Mama akapiga magoti, machozi yanamtiririka. "Mwache mwanangu, nakuomba! Chukua wangu. Uchukue sasa hivi!"

Kitu baridi kikampapasa shavu, kidevu, paji la uso, taratibu, kama yeye anavyopapasa kitambaa kabla ya kununua. Kikasita kwenye pembe za macho.

"Huu una makunyanzi."

Pedali ikasimama. Kutoka chumbani mtoto akaita kwa sauti ya usingizi, "Mama, niletee mafuta. Uso unaniwasha."