Nilichovuta Kwenye Mpira wa Dizeli

Nilikuwa nimetoka jioni kununua kitoweo, dereva Tsiory akanidaka njiani, maana mimi ni fundi wa magari. Lori lake, gari la jeshi la zamani ambalo hata jeshi lililichoka, lilikuwa limekwama chini ya mlima, nje ya mji wetu wa Ambalavao, Madagaska. Injini inanguruma, alisema, lakini haivuti.

Juu ya lori, nyuma, kulikuwa na maiti. Mzee wa ukoo wa kifalme alikuwa anarudishwa kwenye kaburi la mababu, na mjane wake, Bi Ravelonoro, amekaa kando yake humo humo akikumbatia chungu. Sisi Wabetsileo hatuulizi chungu hicho kina nini. Ni majimaji ya marehemu. Humo hutoka funza, funza huwa nyoka, na nyoka huyo ndiye mzee mwenyewe. Asipoingia kaburini, mzee hajazikwa.

Harufu ilinipiga usoni. Nilichukia kuitwa pale, na nilimchukia Tsiory.

Nikamwambia akanyage mafuta. Moshi ulikuwa mwembamba, mweupe. Injini ilikuwa na njaa. Chujio la hewa, safi. Chujio la dizeli, safi. Nikachomoa mpira unaotoka tangini.

Tone… tone… halafu kimya.

"Tangi umelifunika na nini?" nikamuuliza.

"Kitambaa tu, fundi. Wakati wa kupakia, mama huyu mjane aliegesha chungu juu yake."

Nilikasirika, lakini kazi ni kazi. Nikautia mpira mdomoni, nikavuta, kama mafundi wote tunavyofanya.

Kitu kikasogea.

Hakikuletwa na dizeli. Kilikuja chenyewe.

Laini. Baridi. Kinene kama kidole gumba, kinajipinda juu ya ulimi wangu, na kinanuka ile ile harufu ya nyuma ya lori. Nikafungua kinywa niteme, chenyewe kikashika njia ya koo. Nilitapika dizeli, nikatapika nyongo, nikajitia vidole mpaka damu. Hakikutoka. Unayekula, unisamehe.

Dizeli ikamwagika tele. Tsiory alisema ni ute tu, dizeli iliyolala muda mrefu huota ute mweusi. Ni kweli, nimeusafisha mara nyingi. Lakini sijawahi kuona ute unaojipinda.

Bi Ravelonoro alichungulia ndani ya chungu. Akakitikisa. Akashuka polepole, akaniwekea kiganja tumboni, akanong'ona, wala si kwangu:

"Baba watoto… umo humo?"

Tumbo likacheza.

Lori lilipanda mlima bila shida. Watu wa ukoo waliuingiza mwili kaburini, ila jiwe la mlango hawajalirudisha mpaka leo. Kila siku ya soko mjane huja gereji na wali wa moto, husubiri nimalize sahani yote, ingawa kila tonge linanitia kichefuchefu. Jana nilimwomba waende wakafunge kaburi, yaishe.

Alinifuta mdomo kwa kanga yake, taratibu, kama anayemfuta mume.

"Hatukuharakishi, fundi," akasema. "Nafasi yako ipo, pembeni yake."