Charline na Nyuzi za Tumboni

Kila asubuhi Charline hutwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya nyumba yake, mtaa wa Mabanga, mjini Goma. Majirani hununua kwake, huku wakipiga soga kidogo. Charline anapenda kucheka nao. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuwa akilichekea. Amezaa watoto wanne, na wa mwisho bado ananyonya. Ngozi ya tumbo lake ililegea, ikawa inaning'inia juu ya kitenge. Alipooga aligeukia ukuta, ingawa bafuni alikuwa peke yake.

Mumewe, Kambale, ni mfanyabiashara. Alikuwa amekwama Butembo miezi mingi kwa sababu barabara ilifungwa. Sasa alipiga simu kwamba anarudi, anapitia Uganda. Charline alifurahi sana. Kisha akalitazama tumbo lake, na furaha ikageuka kuwa hofu. Je, Kambale atampenda bado?

Mjini kulikuwa na Victoire, mwenye saluni ya nywele. Siku hizo Victoire alikuwa na kazi nyingine. Aliingiza nyuzi chini ya ngozi ya watu ili kuivuta iwe ngumu. Kazi hiyo alijifunza kwenye simu yake.

"Haina shida, mama," Victoire alimwambia. "Naingiza nyuzi fasi hii na fasi ile, ngozi inapanda. Hata bwana yako hatajua."

"Na kama inaniuma?"

"Itauma kidogo tu. Usiende kwa docteur. Wale wanapenda tu kukata watu."

Haraka haraka haina baraka. Charline aliijua methali hiyo tangu utoto, lakini mtu mwenye hofu hasikii methali. Alilala kwenye meza ya saluni, Victoire akamchoma sindano.

Mwanzoni tumbo lilivutika kweli. Halafu upande wa kushoto ukaanza kuuma. Ukavimba, ukawa wa moto. Charline alikaa kimya, akajifunika vizuri.

Mama mkwe wake, Mama Kavugho, alikuwa akiishi nao. Mama huyo alisifiwa mtaa mzima kwa kazi ya kukanda. Mwanamke akizaa, yeye huitwa. Huleta beseni la maji ya moto, hukandamiza tumbo kwa kitambaa, kisha hulifunga kwa kitenge mpaka mzazi ahisi pumzi inamwishia.

"Charline, juu ya nini unashika tumbo?" aliuliza.

"Ni tumbo tu, mama. Linaniuma."

"Niliona. Tumbo ya mutoto haijarudi fasi yake. Lala hapa, nikukande."

Angekataaje? Kukataa kungehitaji maelezo, na maelezo yangefika kwa Kambale. Charline alilala. Maji ya moto yalipogusa uvimbe, aliuma ncha ya kitenge ili asilie. Mama Kavugho alikandamiza kwa upendo wote, akafunga kwa nguvu zote.

Kesho yake Charline alitetemeka kwa homa, naye amekaa juani. Alifungua kitenge. Uzi mmoja ulikuwa umetokeza kwenye ngozi, na usaha ulitoka pembeni yake. Aliwaza mtoto wake: nikifa, atanyonya wapi?

Alichukua kidonge cha unga, akakipasua ili amwagie kidonda unga wake, kama wengi wanavyofanya. Kabla ya kuumwaga alishika ule uzi auvute. Wakati huohuo Mama Nabintu akaingia uani kununua sombe. Yeye ni jirani, na ni muuguzi kwenye kituo cha afya.

"Acha," alisema Nabintu. "Usivute. Unaweza kukatika na kubakia ndani. Na ile unga, weka chini. Haiponyeshe kidonda, inakichafua tu."

Aliugusa mwili wa Charline, akaona unavyochoma, na alama za kitenge tumboni. "Nani amekuweka hii uzi? Na nani amekukanda?"

Mama Kavugho alikuwa amesimama mlangoni. Charline alimtazama, akainamisha kichwa.

"Naogopa kusema," alinong'ona.

"Ukificha, docteur atatafuta ugonjwa ya tumbo, kumbe ni nyuzi zinakuozesha. Uko na mutoto, Charline. Sema."

Basi Charline alisema yote. Mama Kavugho alisikiliza. Akaja kuketi karibu naye.

"Kumbe ni mi nilikupika, mwanangu."

"Hapana, mama. Ni mi nilikuficha hii mambo."

Walipanda pikipiki hadi hospitali, Nabintu na Charline. Charline aliogopa kisu njia nzima. Daktari alimpa dawa ya ganzi, akafungua uvimbe, akatoa usaha pamoja na nyuzi. Hazikuwa nyuzi za kuyeyuka mwilini. Akamchagulia dawa inayofaa mama anayenyonyesha.

"Ungechelewa, ugonjwa ungeingia katika damu," daktari alisema.

Siku zilizofuata Nabintu alikuja kumsafisha kidonda. Charline akamuuliza, "Kwa hiyo hizi nyuzi ni uongo?"

"Hapana, ziko. Lakini ni kazi ya docteur mwenye aliisomea, fasi safi, na nyuzi zenye zinayeyuka. Hata pale, zinavuta kidogo tu, na kisha ya muda ngozi inalegea tena. Ngozi mingi yenye kuning'inia, nyuzi haziiondoe. Na mutu akiwekwa nyuzi, hakuna kumukanda, hakuna maji ya moto, hakuna kufunga kitenge kwa nguvu."

"Na tumbo yangu, basi?"

"Ulizaa juzi tu. Misuli inaomba wakati. Nitakufundisha mazoezi, pole pole. Misuli itapata nguvu, lakini ngozi ingine itabakia, sikudanganye. Kama ingali inakusumbua, tutauliza daktari wa upasuaji."

Kambale alirudi amechoka, vumbi hadi kwenye nyusi. Kabla hajauliza kitu, Charline alimwonyesha bandeji, akamweleza kila kitu. Alisema huku analia.

Kambale aliweka mzigo wake chini. Kisha akasema, "Charline, nimezunguka Uganda yote nikuje kuona tumbo?"

Charline alicheka na machozi yake. Aliona aibu kwamba alimwogopa mtu huyu.

Kidonda kimepona. Limebaki kovu dogo, na ngozi bado imelegea. Akioga sasa hageukii ukuta.

Mama Kavugho naye amebadilika. Bado anaitwa, lakini tumbo halikandi tena kabla Nabintu hajalitazama. Na swali lake la kwanza ni hili: "Kuna kitu walikuweka ndani ya ngozi?" Wanawake humcheka. Humwambia, mama, hayo ni mambo ya Charline tu.

Juzi aliitwa kumkanda Bénie, jirani wa nyumba ya pili, akamuuliza vilevile. Wote waliokuwepo walicheka. Bénie hakucheka. Alishika ubavu wake, akatazama chini.

Mama Kavugho alimwaga maji ya moto yote uani. Akaita, "Charline, kuja umuonyeshe kovu yako. Kisha umupeleke kwa Nabintu."