Waya wa Kaka na Njia za Baba

Mpaka leo nikisikia harufu ya nta ya moto, namkumbuka baba. Nyumba yetu ilinukia nta mwaka mzima. Mama alichuja asali jikoni, na mimi nilishona nguo za shule sebuleni, karibu na dirisha. Makopo ya asali yalipangwa hadi chini ya cherehani yangu. Ukinyoosha mguu vibaya, ulipiga kopo, na mama aliuliza kutoka jikoni, "Umevunja nini tena?"

Baba alikuwa mfuga nyuki. Alfajiri ya kila Jumatatu alivaa buti zake, akatia mkate na chupa ya maji kwenye begi, kisha akaning'iniza shingoni kifaa chake cha GPS. Kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kifaa hicho hupokea ishara kutoka angani na kukuonyesha mahali ulipo. Ukibonyeza kitufe, kinaweka alama ya mahali hapo. Ukitembea nacho, kinachora njia uliyopita.

Baba alikipenda mno. Alikifuta kwa kitambaa kila jioni, na usiku alikilaza karibu na mto wake. Mama alikiita mke mwenza.

"Baba watoto, mke mwenza wangu umempa betri leo?"

"Ameshakula, ameshashiba. Wivu wenu tu unawasumbua."

Tulicheka kila Jumatatu, kama vile hatujawahi kuusikia utani huo. Laiti ningejua kwamba siku zile zinahesabika, ningecheka zaidi.

Baba alikuwa na mizinga arobaini na miwili msituni na vilimani. Hakuandika popote ilipo, kwa kuogopa wezi wa asali. "Karatasi ina macho," alizoea kusema. Alama zote alizitia ndani ya kifaa. Kisha, mvua zilipokuwa zinakatika, aliteleza kwenye mawe akaanguka. Hakuumia sana siku ile, ila kioo cha kifaa kilipasuka na kuwa cheusi chote. Alisema atakitengeneza. Wiki mbili baadaye aliugua ghafla, akatutoka.

Mama aliijua mizinga tisa tu, ile ya karibu. Mizinga thelathini na mitatu ilibaki huko, na hakuna aliyejua ilipo. Zilibaki wiki tatu msimu wa kurina asali uanze. Mzinga usipokaguliwa huvamiwa na siafu, nyuki wakahama.

"Ile ni kazi ya mikono yake," mama alisema. "Nimempoteza yeye. Sitaki kupoteza na kazi yake."

Kaka yangu alikuwa fundi umeme. Akasema, "Mama, usihofu. Kioo kimekufa, lakini kumbukumbu bado imo ndani. Tutakiunganisha na kompyuta yangu tuzitoe alama za baba."

Tulifurahi. Kaka aliweka kompyuta juu ya meza ya chakula. Akatoa waya kwenye droo, mmoja kati ya nyaya nyingi alizozikusanya miaka na miaka. Upande mmoja akauchomeka kwenye kifaa, upande wa pili kwenye kompyuta. Kifaa kikalia, pii! Mama akashtuka, akashika kifua. Ilikuwa sauti ile ile ya Jumatatu alfajiri.

Tukasubiri. Kompyuta haikuonyesha kitu.

Kaka akachomoa, akachomeka tena. Akauhamishia waya kwenye tundu lingine. Akazima kompyuta, akaiwasha. Hakuna. Akachukua kipimo chake cha umeme, akaupima waya ule mwanzo hadi mwisho.

"Umeme unapita vizuri kabisa," alisema. "Waya hauna kosa. Kosa liko kwenye kifaa."

"Huna waya mwingine?" nikauliza.

"Dada, waya ni waya. Mimi ndiye fundi au wewe?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Kaka akipandisha ufundi wake huwezi kumshusha kwa ngazi.

Siku mbili zikapita hivyo. Siku ya tatu kaka akasema, "Labda nikifute chote, kianze upya kama kilivyotoka dukani. Huenda kitazinduka."

Mama akakinyakua mezani, akakikumbatia. "Ukikifuta, alama zitabaki?"

Kaka akakuna kichwa.

"Basi hukigusi," mama akasema. Akanigeukia. "Nenda kwa Mama Mpima. Mficha uchi hazai."

Mama Mpima alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alifanya kazi ofisi ya upimaji wa ardhi, na vifaa vya GPS alivishika kila siku. Nilimkuta anaanika nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Akaziacha nguo nyingine kwenye beseni, akaingia ndani, akatoka na begi lake la kazi.

Alipofika kwetu hakugusa kompyuta kwanza. Aliuokota waya wa kaka, akautazama.

"Huu waya ulitoka wapi, mwanangu?"

"Ni wa taa ile ya kuchaji, mama. Lakini nimeupima. Umeme unapita."

"Nakuamini. Una koleo? Ukate tuone."

Kaka hakupenda, lakini akaukata. Ndani mlikuwa na nyuzi mbili tu, nyekundu na nyeusi.

"Hizo mbili zinapeleka umeme," Mama Mpima akasema. "Ndiyo maana kifaa kililia, na kipimo chako kikakubali. Waya wa kupeleka taarifa una nyuzi nne au zaidi. Mbili za umeme, na nyingine za kuzungumza na kompyuta. Ulikilisha kifaa, lakini hukukipa njia ya kusema."

Kaka akatazama zile nyuzi mbili mkononi. "Miaka kumi na moja ya ufundi," akanong'ona.

"Fundi asiyekosea hajaanza kazi," Mama Mpima akasema. "Siku nyingine, kifaa kikiwaka na kompyuta isikione, badilisha waya kwanza. Usianze kufuta kitu."

Akatoa waya wake begini, akauchomeka. Mara hii kompyuta ilitoa mlio, na maneno yakatokea kwenye skrini. Kaka akayasoma kwa sauti: "Diski hii haisomeki. Inapaswa kufomatiwa kabla ya kutumika. Je, unataka kuifomati sasa?"

"Haya, si imeitika!" kaka akasema kwa furaha. Mkono wake ukaenda kwenye kipanya. "Ndiyo!"

"Acha!" Mama Mpima akaukamata mkono ule hewani. "Kufomati ni kufuta kila kitu. Ukiulizwa swali hilo na una vitu unavyovitaka, jibu lake ni hapana. Hapana tu."

Mama akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwepo.

Mama Mpima akabonyeza "Hapana". Akachomoa waya, akafungua mfuniko wa nyuma wa kifaa, akatoa betri. Chini ya betri mlikuwa na kadi ndogo kama ukucha. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee alikuwa anashika mizinga, kisha anabadilisha betri?"

"Siku zote," mama akasema.

"Tazameni. Nta."

Kweli, kwenye vipande vya shaba vya kadi palikuwa na utando wa njano, mwembamba sana. Lilikuwa doa la kidole cha baba. Niliona aibu kumwambia Mama Mpima asubiri, lakini nilitaka asubiri. Nilitaka kulitazama kidogo zaidi. Mama naye alilitazama. Kisha akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

Mama Mpima akaifuta kadi taratibu kwa kitambaa laini kikavu, akairudisha, akafunga mfuniko, akachomeka waya. Kompyuta haikuuliza tena swali. Zikatokea folda mbili, moja ya kifaa chenyewe na moja ya kadi.

"Sasa, binti, kaa wewe," akaniambia. "Fundi amechoka."

Nikakaa. Nikashika kipanya.

"Fungua folda. Umeyaona mafaili ambayo majina yake yanaishia na herufi GPX? Hayo ndiyo yenye alama na njia. Yachague yote. Bonyeza Nakili. Usibonyeze Kata. Ukikata, unayaondoa kwenye kifaa, na umeme ukizimika katikati unaweza kukosa huku na kule. Ukinakili, ya kwenye kifaa yanabaki palepale."

Nikanakili, nikayabandika kwenye folda mpya. Nikaiita folda hiyo "Baba".

Kaka hakuweza kungoja. Akabonyeza faili moja mara mbili. Skrini ikajaa tarakimu na alama, mstari juu ya mstari, bila ramani wala picha.

"Limeharibika!" akasema.

"Halijaharibika. Hivyo ndivyo kifaa kinavyoandika. Usibadilishe hata nukta. Lifunge, ulifungue kwa programu ya ramani."

Mama Mpima alikuwa na programu hiyo kwenye kadi yake ya kumbukumbu. Akaiweka kwenye kompyuta, akaniambia nifungue faili kutoka ndani ya programu yenyewe. Nikafanya hivyo.

Vilima vyetu vikatokea, na juu yake bendera ndogo, moja baada ya nyingine, nyingi. Kisha njia. Mistari ya bluu ilitoka nyumbani, ikapanda, ikazunguka, ikarudi. Mingine ilipinda kukwepa kitu tusichokijua. Ilikuwa miguu ya baba. Mama aliufuata mstari mmoja kwa kidole kwenye skrini hadi mwisho wake.

"Kumbe alikuwa anakwenda mbali hivi," akasema, "na akirudi anasema hajachoka."

Nilipoleta kipanya juu ya bendera, jina lilitokea. Baba aliipa mizinga majina ya ndugu na majirani. Mmoja aliuita SHANGAZI. Mama akacheka huku analia, kwa maana shangazi yetu alikuwa mkali hasa, na baba alikuwa akirudi kavimba jicho anasema, "Leo Shangazi kanitandika." Sisi tulidhani amepita kwake. Mwingine aliuita MJOMBA.

"Bila shaka una kelele nyingi na asali kidogo," mama akasema.

Mmoja aliuita FUNDI. Kaka akakumbuka kwamba mzinga ule aliuchonga yeye, na ulikuwa umepinda. Mwingine ulikuwa JIRANI MDAKU. Mama Mpima akaikazia macho skrini.

"Huyu ni jirani gani?"

"Wa nyumba ya tano," mama akajibu haraka.

Kabla ya kuchomoa kifaa, Mama Mpima alinionyesha kubonyeza "Ondoa kwa usalama" na kusubiri kompyuta iruhusu. "Ukichomoa kwa pupa, faili linaweza kuvunjika," alisema. Kisha akachukua kifaa chake mwenyewe cha zamani, chenye kioo kizima, akakichomeka. Nikayanakili mafaili ya baba kuyapeleka humo, upande wa pili sasa. Alama zote zikaingia. Akatuazima kifaa hicho msimu mzima. Nakala nyingine aliniambia niiweke kwenye kadi peke yake, nje ya kompyuta. Kitu chenye nakala moja, alisema, ni kama hakipo.

Tukaanza kurina. Mama alitangulia na kifaa shingoni akifuata mshale, kaka alibeba bomba la moshi wa kutuliza nyuki, mimi nilibeba ndoo na ndiye niliyebonyeza vitufe. Mizinga thelathini na mmoja tuliikuta palepale zilipo bendera. Miwili ilikuwa imeangukiwa na mti. Shangazi alituuma wote watatu. Asali ya mwaka ule ilijaa makopo yote ya nyumbani, tukaazima mengine.

Kila jioni niliunganisha kifaa na kompyuta, nikanakili njia mpya. Mpaka leo mtu akinunua kifaa cha GPS hapa kwetu, huniletea nimwonyeshe. Namwuliza kwanza waya wake ameutoa wapi.

Siku ya mwisho ya msimu tulikuwa ng'ambo ya kilima cha mbali. Tulipomaliza mzinga wa mwisho, ukungu ulishuka ghafla. Miti ikapotea, na njia nayo.

"Tafuta alama ya nyumbani," kaka akaniambia.

Nikachukua kifaa kwa mama, nikafungua orodha ya majina. Nikatafuta NYUMBANI. Haikuwepo. Nikatafuta KWETU. Haikuwepo. Nikasoma jina moja moja hadi nikafika katikati ya orodha.

"Mama, kuna alama hapa haina bendera. Ina picha ya nyumba ndogo."

"Imeandikwaje?"

"MAMA WATOTO."

Mama alinyoosha mkono, nikampa kifaa. Alikitazama kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. Hivyo miaka yote ile, kila baba alipotaka kurudi, hilo ndilo jina alilolichagua.

"Nibonyeze wapi?" akauliza.

"Hapo palipoandikwa Nenda."

Akabonyeza. Mshale ukageuka, ukaelekea chini ya kilima. Mama akatangulia kwenye ukungu, nasi tukamfuata.