Dinosau Walipoisha, Wadogo Wakapanda Mitini

Amuron alikuwa na hoteli ndogo Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, karibu na uwanja wa malori. Kila asubuhi alihesabu malori kwanza, kisha akapima unga na nyama. Madereva na matanboi, yaani wasaidizi wao, walikaa, wakala wakashiba.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, malori yakapungua, mwisho uwanja ukabaki mtupu. Amuron alikuwa mbishi. Aliendelea kupika sufuria ileile kubwa. Jioni yeye na binti yake Alupo walikula ugali uliobaki mpaka wakauchukia.

"Tukifunga hoteli, tutaenda kukaa kwa mjomba wako," alimwambia Alupo. "Na kule shule utaacha."

Maneno hayo yalimuuma Alupo, maana alipenda shule.

Siku moja Mwalimu Ogutu alikuja kunywa chai. Alifundisha ngumbaru, yaani masomo ya watu wazima. Alifungua kitabu chenye picha ya mnyama mkubwa kuliko lori.

"Huyu ni nani, mwalimu?" Amuron aliuliza.

"Dinosau, mama. Walijaa duniani. Halafu wakaisha, sasa ni zaidi ya miaka milioni sitini. Kwa nini waliisha, wataalamu bado wanabishana."

"Pole yao. Nani alibaki?"

"Kati ya waliobaki ni wanyama wadogo wa kunyonyesha, wengine kama panya. Zamani walijificha, wengi wakitoka usiku tu. Wakubwa walipoisha, nafasi ikawa wazi. Wadogo wengine wakazoea miti, maana huko kuna wadudu na matunda. Aliyezaliwa na vidole vya kushika tawi vizuri, na macho ya kutazama mbele, alikula vizuri na kuzaa wengi. Watoto wakafanana naye. Ikawa hivyo, kizazi baada ya kizazi. Huo ndio ukoo wa komba, wa nyani, na wetu sisi watu."

Amuron alicheka. "Na padri akikusikia?"

"Padri anajua Mungu hana haraka."

Amuron alitazama nje. Malori hayakuwepo, lakini baiskeli zilipita moja baada ya nyingine, zikivusha watu na mizigo mpakani. Hakuna hata moja iliyosimama. Nani ataacha abiria barabarani akae kula ugali?

"Kumbe nafasi iko," alisema polepole. "Mimi napikia watu wenye walishaenda."

"Hapo umeona, mama. Wale wanyama hawakuchagua kubadilika, na ilichukua mamilioni ya miaka. Wewe unaweza kuanza kesho."

Kesho yake Amuron alikaanga mandazi, akachemsha mihogo, akafunga njugu kwenye karatasi. Alisimama kando ya barabara na sinia. Watu wa baiskeli walinyoosha mkono, wakalipa, wakaenda wakitafuna. Saa nne asubuhi sinia lilikuwa tupu. Amuron alifurahi sana, akarudi kukaanga mengine.

Mwezi ulipoisha, mjomba wa Alupo, aliyesikia hoteli inafungwa, alifika na mkokoteni wa ng'ombe kuchukua vitu vyao. Alimkuta Amuron akikanda unga, hana hata nafasi ya kumsalimia kwa mkono.

"Nimekuja kuwachukua," mjomba alisema. "Alupo yuko wapi?"

"Yuko shule," Amuron alijibu.